Kidonge cha Mama Breki

Katika ile shule ya udereva yenye magari matatu na uwanja wa mazoezi uliozungushiwa matairi mabovu, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Breki. Jina hilo lilimwangukia siku mwanafunzi mmoja alipochanganya pedali akalipeleka gari moja kwa moja kwenye ukuta wa kituo cha mafuta. Mama Breki, aliyekuwa kiti cha pembeni, alikanyaga breki ya mwalimu, akavuta hendibreki, na papo hapo akamshushia kijana yule maneno ambayo waliokuwepo kituoni waliyasimulia kwa muda mrefu. Gari lilisimama pua ikiugusa ukuta kama mbuzi anayenusa chumvi.

Yeye naye hakuwaita wanafunzi kwa majina yao. Aliyezimisha gari kila penye mlima alikuwa Bwana Kimya. Aliyeushika usukani kama anayekamua nguo alikuwa Dobi. Kulikuwa na binti mmoja mwembamba aliyepanda ukingo wa barabara kila alipogeuka, huyo akamwita Kona. Kona alifeli mtihani wa barabarani mara tatu. Siku ya mara ya nne Mama Breki alimwambia, "Leo ukifeli nakuozesha kwa mtahini, ukae naye mpaka umwelewe." Binti akafaulu, labda kwa kuogopa ndoa.

Mume alikuwa naye zamani. Alisema anakwenda kutafuta maisha. Akayapata, akaoa hukohuko. Watoto hakujaaliwa. Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ambaye hata leo, Mama Breki akiwa na mvi kichwani, bado alimuuliza kwenye simu kama amekula.

Mkojo ulipoanza kutoka na rangi ya kutu, Mama Breki alisema ni joto. Ulipotoka mwekundu akaenda hospitali, na mambo yakaanza kukimbia. Ilikuwa saratani. Figo yake ya kushoto ikatolewa, akapumzika, akarudi kazini akidhani yamekwisha. Mwaka haukugeuka vizuri, picha ya kifua ikaonyesha kwamba ugonjwa uleule umetupa mbegu kwenye mapafu.

Daktari wa saratani alikuwa mwanamume mwenye sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alimwelekezea kwenye picha vidoadoa vyeupe.

"Uvimbe huu unajijengea mishipa ya damu ya kujilisha," alisema. "Ipo dawa ya kumeza inayozuia ile amri ya kujenga. Si kama dripu inayopiga kila kinachokua. Hii inalenga. Utaimeza nyumbani, kila siku."

"Nitapona?"

"Lengo ni kuuzuia usiende mbele. Kuusinyaza, tukiweza. Zaidi ya hapo sikuahidi."

"Mimi mwenyewe simwahidi mtu leseni," alisema Mama Breki. "Lete hiyo dawa."

Dirisha la dawa lilikuwa mwisho wa ukumbi. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana mwenye koti jeupe, akisoma jina kwenye karatasi. Aliinua macho, na wote wawili wakashtuka.

"Kona!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye unayewapa watu dawa siku hizi? Mungu atusitiri. Unazipanga sawasawa, au nazo zinapanda ukingoni?"

Watu wa kwenye benchi waliangua kicheko. Kona naye alicheka, kisha akafungua mlango wa pembeni akamwingiza kwenye chumba kidogo chenye meza na viti viwili.

"Humu ndani, Mwalimu, anayefundisha ni mimi. Kaa."

Mama Breki akakaa. Hakuwa amezoea kuambiwa kaa.

"Kidonge kimoja kila siku, saa ileile," alianza Kona. "Tumbo liwe tupu. Saa mbili kabla ya kumeza usile kitu, na ukishameza ngoja saa nzima ndipo ule. Maji tu ruhusa."

"Tumbo tupu? Tangu nizaliwe naambiwa dawa haimezwi bila kula."

"Hiyo ni dawa nyingine. Hii ukiimeza na chakula, hasa chakula cha mafuta, mwili unaivuta kupita kiasi, nayo inakugeukia. Kwa hiyo iwe alfajiri ukiamka, kabla ya chai."

"Mimi bila chai si mtu wa kukaa naye."

"Nakumbuka," alisema Kona, na hakutabasamu. "Unakimeza kizima. Hukikati, hukitafuni, hukisagi. Je, ukisahau?"

"Nikisahau, kesho yake nameza viwili."

Kona alipiga meza kofi. "Simama!"

Ilikuwa sauti ya Mama Breki mwenyewe, mpaka mguu wake wa kulia ukajikuta unakanyaga sakafu.

"Hakuna viwili, Mwalimu. Muda ukiwa umepita sana, cha leo kimepotea, kiache. Kesho unameza kimoja kama kawaida. Ukitapika baada ya kumeza, hurudii. Mwanafunzi akiipita kona yake hufanya nini?"

"Huenda mbele, akageuzia panapogeuzika."

"Harudi kinyumenyume katikati ya barabara kuu."

"Akirudi nampiga kofi la kisogo."

"Basi nami nitakupiga. Haya. Chochote kingine kitakachoingia mdomoni mwako, cha maumivu, cha kiungulia, vitamini, majani, mizizi, unga wa jirani, unaniuliza kwanza. Na balungi usiguse."

"Balungi nalo limekosa nini?"

"Linalizuia ini lisiivunje dawa. Dawa inajaa kwenye damu, ukadhani umemeza kimoja kumbe umemeza vingi."

Kisha akamweleza yatakayokuja. Viganja na nyayo huenda vikawaka na kuchubuka, basi apake mafuta yasiyo na manukato, aache maji ya moto, avae viatu laini. Tumbo huenda likaendesha. Presha huenda ikapanda, kwa hiyo awe na kipimo nyumbani na akitumie.

"Na usiniletee ushujaa wa kunyamaza. Ukiharisha kupita kawaida, ukipata homa, kifua kikibana, kichwa kikiuma kama kinapasuliwa, unapiga simu siku hiyohiyo. Huachi dawa mwenyewe, huongezi mwenyewe. Tunaamua pamoja. Sasa nirudishie yote niliyosema."

Mama Breki alirudia, akaruka balungi. Kona akamrudisha mwanzo. Akarudia tena, akasahau viatu. Akarudishwa mwanzo. Alipotoka mle chumbani na kichupa chake mkononi alikuwa na hasira za mwanafunzi aliyezimisha gari mara tatu, na chini ya zile hasira alikuwa na furaha kidogo, maana alijua kazi ya nani imemfundisha yule binti kutomhurumia mtu.

Dada alifika wiki ileile, na mabegi mawili na bila tarehe ya kurudi. Alifagia nyumba iliyokwisha fagiwa, akasugua sufuria zilizokwisha suguliwa, kisha akakiona kile kichupa mezani.

"Hiki kimekaa kihospitali mno," alisema, akanyoosha mkono. "Ngoja nizihamishie kwenye kile kikopo kizuri cha sukari."

"Dada, acha! Zinakaa kwenye chupa yake. Na usizishike kwa mkono mtupu."

"Kwani ni makaa ya moto?"

"Ni dawa ya uvimbe wangu. Wewe huna uvimbe. Haina kazi nzuri ya kufanya kwenye mwili wako."

Dada alirudisha mkono, akabinua mdomo. Kesho yake alfajiri alisimama mlangoni akamtazama mdogo wake anavyokimeza kile kidonge kwa maji, koo likigoma, machozi yakimlengalenga.

"Tukisage basi, tukichanganye na uji. Na tumbo lenyewe tupu! Hata mgonjwa wa jela hupewa kitu kwanza."

"Hakisagwi, Dada. Na uji baadaye."

"Nani kasema?"

"Kona."

"Ndiye nani huyo Kona?"

"Mwanafunzi wangu. Alikuwa anapanda ukingoni."

Dada alimtazama kama anayetazama nyumba inayoungua na mwenye nyumba amekaa anasuka nywele.

Kazini nako kulikuwa na shughuli yake. Mwenye shule alijiita Mkurugenzi, ingawa kati ya magari yake matatu moja lilikuwa gereji kila mwezi. Alimwita Mama Breki ofisini, akafunga mlango, akavaa uso wa msiba.

"Mama, tumekaa kama familia tukafikiri. Umetutumikia sana. Tunataka tukuandalie kasherehe kadogo ka kukuaga, na keki. Ukapumzike."

"Daktari ameniambia naweza kufanya kazi nikijisikia vizuri. Wewe umesomea udaktari wapi?"

"Si hivyo, mama. Ni wateja. Watu wakisikia saratani..."

"Keki ukileta nitaila, saa yake ikifika. Kiti changu sikupi."

Akatoka, akaenda kwenye gari lake, akamkuta Dobi amekwisha kuushika usukani kwa mikono miwili kama kawaida yake. "Legeza!" akamfokea. "Hilo ni gari, si shuka!"

Wiki za kwanza zilikwenda. Viganja vikaanza kuwaka, ngozi ya vidole ikawa nyekundu na laini kama ya mtoto, na nyayo zikamuuma kila alipokanyaga breki. Alipaka mafuta, akavaa soksi za pamba na raba pana ambazo wanafunzi waliziita meli. Alfajiri alimeza kidonge, akapima presha, akakaa kitandani saa nzima akiitamani chai kama mtu anayetamani nyumbani kwao. Saa ikitimu, Dada alimletea chupa nzima ya chai, na hapo ndipo ubinadamu wake uliporudi.

Kisha mambo yakaharibika. Tumbo likaanza kumkimbiza, kwanza kidogo, halafu bila adabu. Alipiga simu, akapewa dawa ya kuzuia na maelekezo ya kunywa maji yenye chumvi na sukari. Presha ikapanda. Asubuhi moja kipimo kilisoma juu kiasi kwamba alikivua, akakivaa mkono wa pili, nacho kikamwambia lilelile. Kichwa kilikuwa kizito.

Alikwenda shuleni kwa miguu, polepole. Mkurugenzi alikuwa uwanjani anahesabu koni. Mama Breki akamwekea funguo za gari mkononi.

"Leo sifai kukaa na mtoto wa mtu barabarani. Presha iko juu."

Mkurugenzi akahema kwa faraja. "Ndicho nilichokuwa nakwambia, mama. Kheri umekubali."

"Nimekubali leo," alisema Mama Breki. "Usichanganye leo na milele."

Hospitalini daktari alimpima, akamwongezea kidonge cha presha, akamwamuru aache kumeza ile dawa ya saratani kwa muda. "Mwili wako unaelekea kuichoka," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Ukitulia tutaanza tena, pengine kwa kipimo kidogo zaidi. Ukikataa kutulia, itabidi tufikirie njia nyingine."

Neno hilo la njia nyingine lilimkaa kifuani. Alijua njia hazikuwa nyingi.

Siku zikapita bila kidonge. Mikono ikapoa, ngozi ikaanza kujifunga. Lakini tumbo halikutulia, na presha ilikataa kushuka. Kona alimpigia simu.

"Mwalimu, kuna kitu hakiniingii akilini. Dawa umeiacha, mikono imepona. Kwa nini hivi vingine havishuki? Unakunywa kitu kingine?"

"Nikuulize wewe uliyenisomesha mara tatu! Sijagusa hata balungi."

"Hata cha kupewa?"

"Kona, nimezeeka lakini sijawa mjinga. Nakijua kila kitu kinachopita koo hili."

Alikata simu kwa hasira, na zile hasira zikamtia kiu. Dada alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mama Breki akajikokota hadi jikoni, akaifungua chupa ya chai, akamimina. Ikatoka kikombe nusu, ikakoma. Akaiinamisha zaidi. Kikadondoka kitu kizito kama tope la mferejini, rangi ya kijani iliyoungua. Akakinusa. Kilikuwa na uchungu wa magome, chini kabisa ya harufu ya tangawizi. Siku zote hizi alikuwa akijiuliza kwa nini Dada anaitia chai tangawizi kwa ukali ule.

Alichukua sahani nyeupe, akaimiminia lile tope lote, akaiweka katikati ya meza, akavuta kiti, akakaa.

Dada aliporudi aliiona sahani kabla hajamwona mtu. Akatua kapu chini.

"Dada, hii nini?"

Dada hakukana. "Ni dawa. Unga wa miti, dawa ya kweli. Kuna mama mmoja ameponya watu nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuchubuka mikono kama samaki anayeparuliwa."

"Mimi nalala chooni, nakijua kila kigae kwa sura yake, daktari anataka kuninyang'anya dawa akidhani imenishinda, kumbe ni chai yako?"

"Usinipandishie sauti. Nimekubeba mgongoni, mimi!"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungekataa!"

"Naam! Ningekataa! Ndiyo maana ya kumwambia mtu!"

Jirani wa pili alizima redio yake asikie vizuri. Dada akakaa kwenye kiti cha upande wa pili, akaifunika ile sahani kwa kiganja, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Mama alimeza vya hospitali," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unapelekwa kwa jirani usione. Mimi ndiye niliyemshika. Alimeza kila walichompa, mdogo wangu, kwa utiifu, wala hakuacha kimoja. Akaondoka mikononi mwangu. Sasa nikae nikutazame na wewe unameza? Nifanye nini, nifagie?"

Mama Breki hakuwahi kuisikia habari ile. Alichokumbuka yeye ni nyumba ya jirani, na mkate aliopewa, na watu wazima waliokuwa wakinyamaza kila alipoingia chumbani.

"Alikuwa na nini, mama?"

"Walisema tumbo. Nani alijua? Wakati ule walikuwa wanakisia."

Mama Breki akauvuta ule mkono wa dada yake kutoka kwenye sahani.

"Sikia, Dada. Umenilea. Umenifunga viatu mpaka nikajua. Mwili huu umeulisha wewe. Lakini ni wangu. Mimi sijui kama nitapona. Daktari mwenyewe hajui. Ila nikifa, nife kwa ninachokijua, na nikiishi, niishi hivyohivyo. Mtu akinitia kitu kwa siri, hata kama ni asali, amenifanya mzigo. Mimi si mzigo. Sijakubali."

"Basi unanifukuza."

"Nani kakufukuza? Vaa viatu, twende kwa Kona. Na huo unga uliobaki, beba."

Njia nzima Dada alikuwa ameubeba ule unga kwenye mfuko mweusi, ameukumbatia kama mtu anayepeleka ushahidi dhidi ya nafsi yake. Alitegemea kutukanwa. Kona alimwamkia, akamvutia kiti, akaufungua mfuko, akaunusa unga, akaufunga tena.

"Shangazi, sisemi majani hayana kazi," alisema. "Nasema sijui humu mna nini, na wewe hujui, na aliyekuuzia hatasema. Ini lake ndilo linalovunja dawa yetu. Linavunja na hiki pia. Vikigombana, moja kati ya mawili: dawa inajaa mwilini ikamuumiza, au inatolewa mbio kabla haijafanya kazi, na uvimbe unapata nafasi. Hapo hatumjui tunayepigana naye ni nani."

Dada aliuliza kwa sauti ndogo, "Nimemuua?"

"Hapana. Tumewahi. Lakini kama asingeiona hiyo chupa, tungemnyima dawa inayomsaidia, tukiisingizia kosa lisilo lake."

Dada akalia, kwa kelele, bila kujifunika. Mama Breki alimtazama Kona, Kona akatazama pembeni. Dada alipomaliza alijifuta kwa ncha ya khanga, akasema, "Haya. Nifundishe na mimi." Kona akamfundisha, akamtaka arudie, na Dada naye aliporuka balungi akarudishwa mwanzo. Mama Breki alicheka mpaka akashika ubavu wenye kovu.

Bila ule unga, tumbo lilitulia. Presha ilishuka taratibu, ikisaidiwa na kidonge chake. Daktari aliposikia habari yote alikaa akitingisha kichwa, kisha akasema wataanza tena kwa kipimo kilekile cha mwanzo, huku wakimpima kwa karibu. Alfajiri ya kwanza ya kurudia, aliyeamka mapema kuliko wote ni Dada. Alisimama mlangoni na glasi ya maji safi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Siku daktari alipomruhusu kushika kazi, Mama Breki alikwenda shuleni. Gari lake lilikuwa limepewa mwalimu kijana, aliyekuwa ameketi kiti cha pembeni akichezea simu huku mwanafunzi akigonga koni moja baada ya nyingine.

"Shuka," alimwambia yule kijana. Akashuka kabla hajafikiri.

Mkurugenzi alitoka ofisini mbio. "Mama, tulikubaliana—"

"Tulikubaliana siku ile sifai. Leo nafaa. Kila asubuhi napima presha. Ikiwa juu siji, na nitakupigia mimi mwenyewe kabla wewe hujaniuliza. Mikono ikichubuka nitasema. Kichwa kikizunguka nitasema. Sasa niambie, hapa kwako nani mwingine anayepima kitu chochote kabla ya kukanyaga barabara? Yule fundi wako anayekuja na harufu ya jana? Huyu anayefundisha kwa kidole gumba?"

Wanafunzi walikuwa wamekusanyika. Bwana Kimya, aliyekuwa hajafaulu bado, alisema kwa sauti iliyowashangaza wote, "Mimi namtaka Mama Breki."

"Wateja wataogopa," alinong'ona Mkurugenzi.

"Wateja walikuwa wananiogopa hata kabla sijaugua."

Akaingia garini. Nyayo zilimuuma alipokanyaga, nazo zingemuuma siku nyingi zijazo. Akafunga mkanda. "Bwana Kimya, washa. Tunakwenda mlimani. Ukizima leo, unausukuma peke yako mpaka juu."

Alizima mara moja tu.

Picha mpya ya kifua ilipigwa msimu wa mvua ulipokuwa unaisha. Daktari alizibandika mbili, ya zamani na mpya, kando kwa kando. Mama Breki hakuhitaji kuelekezwa. Vile vidoa vilikuwepo bado, lakini vilikuwa vimenywea, na viwili havikuonekana kabisa.

"Havijaondoka," alisema daktari. "Ila vinarudi nyuma. Tunaendelea na kidonge."

"Mpaka lini?"

"Muda wote kitakapokuwa kinafanya kazi. Kuna siku huenda kikaacha. Ikifika, tutatafuta kingine."

"Basi tuone nani atachoka kwanza," alisema Mama Breki. "Mimi nina mazoezi. Nimefundisha watu wasiofundishika."

Dada aliondoka wiki iliyofuata. Alikuwa na nyumba yake, na kuku wake aliowaachia jirani asiyeaminika. Mama Breki alimpeleka kituo cha mabasi kwa gari la shule, lenye kibao cha herufi nyekundu mbele na nyuma, na Dada akashika mlango njia nzima kwa mikono miwili.

Walisimama kando ya mabegi. Dada alikuwa anatazama chini, akichora mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema ghafla. "Mimi ndiye natakiwa kutangulia. Umesikia? Utaratibu ufuatwe."

"Nani kakuambia nataka kukupita?"

"Nakuambia tu. Usije ukaniharibia foleni."

"Dada," alisema Mama Breki, akimkabidhi begi la pili, "wewe nenda polepole, mimi niko nyuma yako. Na sina haraka hata kidogo."

Dada akamkumbatia, akamwachia, akapanda. Mlango ulipokuwa unafungwa alichomoza kichwa dirishani, akapaza sauti mbele ya abiria wote:

"Balungi usile!"

"Sili!" alijibu Mama Breki, akageuka kwenda kazini.